Fahari ya Kiswahili tunayo sisi, maamuzi wanayo wengine

Mtu wa Mombasa mguse popote lakini usimguse Kiswahili chake. Atakurekebisha ngeli ndani ya matatu, atakurekebisha ukinunua viazi karai, na ukimwambia "hiyo maneno" atacheka mpaka ukumbuke kwenu. Mimi pia nimo kwenye hao wanaocheka, sijitoi. Ila kuna kitu kinanikera siku nyingi. Hii fahari ya lugha tumeachiwa tujipumbaze nayo, na wakati huo huo mambo ya maana, ardhi, bandari, bajeti, afya ya watoto wetu, yanazungumzwa kwa lugha nyengine na watu wengine, kisha sisi tunaletewa jambo likiwa lishapikwa na jina lake lishawekwa. Na ukishalipokea jambo kwa jina alilolipa mwenzio, hata ulizungumze kwa ufasaha wa mshairi wetu Muyaka bin Haji, unazungumza la kwake.

Chukua Owino Uhuru. Wengi wetu wa kisiwani hatukujua hata iko wapi mpaka ilipoingia kwenye taarifa ya habari, ni kijiji cha mabanda kule upande wa Mikindani, Jomvu, na hilo jina la Owino, la Kijaluo, lenyewe linakwambia hapo pana mchanganyiko wa watu. Mwaka 2007 kikafunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Moshi usiku, maji machafu yanapita mtaroni, watoto wanaumwa na matumbo, wanawake mimba zinatoka. Vipimo vikafanywa, majibu yakaja kwamba watoto wana risasi kwenye damu. Sasa hebu kaa wewe hapo kama mama, mtoto yuko mapajani, unaambiwa ana risasi kwenye damu, na risasi unayoijua wewe maisha yako yote ni ile inayotoka kwenye bunduki. Kamusi itakwambia ndio, risasi ni yale madini mazito, na risasi ya bunduki ilipata jina hapo hapo, sawa, lakini mama hakwenda kliniki na kamusi. Mtu akimwambia "sumu ya betri" anaelewa pale pale, anajua betri inatoka wapi, anajua ukuta ni upi na moshi ni upi. Yani maneno matatu tu na kesi nzima ishaeleweka.

Lakini huku kwetu mjini jambo lile halikutufikia kama sumu ya betri, lilitufikia kama "uchafuzi wa mazingira". Na uchafuzi wa mazingira ni nini kwa mtu aliyesoma Kenya? Ni insha ya darasa la saba. Ni mifuko ya plastiki ufuoni, ni tupande miti, tudumishe usafi, asante mwalimu. Hakuna mtu anatoka nyumbani akiwa na hasira kwa sababu ya uchafuzi wa mazingira. Kwa hivyo Phyllis Omido, mama aliyesimama kukipinga kiwanda, ambaye alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda hicho hicho na mwanawe mwenyewe akaugua, akaitwa "mwanamazingira", na sisi tukasikia kama vile ni mama anayependa miti. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira huko Marekani, tukapiga makofi kidogo tukaendelea na yetu. Kiwanda kilikuwa kimefungwa 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikaamua wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifuta ile fidia, Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu mwenyewe, tangu kiwanda kifunguliwe mpaka uamuzi wa mwisho ni miaka 17, mtoto aliyekuwa tumboni kiwanda kikifunguliwa alikuwa keshakaribia kuchukua kitambulisho.

Na hapa nitasema jambo ambalo litaniletea matusi. Mimi naamini moja ya sababu mji huu haukusimama na watu wa Owino Uhuru ni kwamba tuliwasikia wakizungumza kwenye TV na Kiswahili chao tukakipima, tukasema ah, hawa ni wa bara. Hatukusema kwa mdomo, lakini kimoyomoyo tulisema. Wangekuwa watoto wa Kibokoni, Mji wa Kale, wenye risasi damuni, na bibi amekaa barazani analia kwa Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa, barabara ya Digo ingefungwa siku ile ile.

Kichekesho chenyewe ni kwamba hicho kipimo tunachowapimia wenzetu si chetu. Mkutano ulioamua Kiswahili kipi kiwe sanifu ulifanyika hapa hapa Mombasa mwaka 1928, na hapa hapa Kimvita kikaangushwa, kikachaguliwa Kiunguja cha Zanzibar. Mpaka leo mtoto wa Mji wa Kale akiandika "mato" badala ya macho, au akiandika "nti" kama anavyoisema nyanyake, anapigwa kalamu nyekundu na mwalimu ambaye lugha hiyo aliikuta shuleni. Sasa sisi tuliopigwa kalamu nyekundu ndio tunazunguka nayo mfukoni tukiwapiga wengine. Na si mchezo wa maneno tu. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, vipeperushi vikasambazwa vinawataka watu wa bara waondoke, watu wakauawa na maelfu wakahama makwao. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi, hilo si siri, na Tume ya Akiwumi ilipokuja kuchunguza baadaye ilikuta mikono ya wanasiasa humo. Shida za Likoni zilikuwa za kweli kabisa, vijana hawana kazi, watu hawana hati za ardhi, lakini mtu fulani mahali fulani alizichukua shida zote hizo akazipa jina moja, "wabara", na jina lile lilikuwa kwa Kiswahili safi hakuna wa kulirekebisha ngeli. Kwa hivyo asiniambie mtu kwamba tatizo ni Kiingereza peke yake, Kiswahili nacho kinaua kikitaka.

Tuje kwenye ardhi maana Pwani ukiandika bila kugusa ardhi wanasema umelipwa. Neno tunalotumia ni skwota, maskwota, yani watu wanaokaa kwenye ardhi isiyo yao. Mtu kazaliwa hapo, babu kazikwa chini ya huo mwembe, na yeye mwenyewe akihojiwa na redio anasema "sisi maskwota wa hapa tunaomba serikali itusaidie". Mimi huwa nataka kuizima ile redio. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye ardhi kwenye ukanda huu apeleke madai yake yaandikishwe, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa ni ya Serikali ya mkoloni, sasa wewe fikiria mkulima wa Kimijikenda mwaka 1908, ardhi ni ya ukoo, haina karatasi, haijawahi kuhitaji karatasi, akadai nini na kwa nani na kwa lugha gani. Wajukuu zake ndio maskwota wa leo. Na ukishakubali kuitwa skwota, hati ukipewa ni hisani, unapiga magoti unashukuru, unaimba na kikundi cha akina mama. Ungekuwa unaitwa mtu aliyenyang'anywa, mazungumzo yangeanzia pengine kabisa, wangeanza na kukuomba radhi.

Januari 2016 serikali iligawa hati za shamba la Waitiki kule Likoni, ekari 930, na baada ya shangwe watu wakajua kwamba kila mmoja anadaiwa shilingi 182,000. Najua Waitiki ina mengi, mwenye shamba naye alikuwa na hati yake na shamba lilivamiwa kwenye vurugu zile zile za 1997, sitaki kuifanya iwe hadithi nyepesi. Lakini nilichokiona ni kwamba watu walishtuka na ile bei kwa sababu neno walilosikia jukwaani ni "kupewa". Kwa Kiswahili cha kwetu mtu akikupa kitu hakudai. Serikali ilikuwa inauza kwa mkopo na inazungumza kama inayotoa zawadi.

Ndio maana MRC, lile kundi lililotaka Pwani ijitenge na Kenya, iliwashika watu. "Pwani si Kenya", maneno matatu, muuza samaki anaelewa, kuli wa bandarini anaelewa. Sikukubaliana nayo wakati ule na sikubaliani nayo sasa, lakini nisiwe muongo, ile sentensi ilikuwa na nguvu kwa sababu ilikuwa sentensi ya kwanza kubwa ya siasa ambayo mtu wa hapa aliitunga mwenyewe kwa lugha yake. Serikali ikajibu kwa kulipiga kundi marufuku mwaka 2010, na mahakama kuu hapa Mombasa ikaliondoa hilo marufuku Julai 2012. Hoja yenyewe ilitegemea mkataba wa 1895 na makubaliano ya 1963 kuhusu ukanda wa maili kumi wa pwani uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, karatasi ambazo waliozipinga na waliozitetea wengi hawajaziona, zimeandikwa Kiingereza na zimekaa kwenye makabati. Watu walikuwa wanagombana kwa yale waliyoyasikia kahawani. Hakuna hata siku moja ofisi yoyote ilikaa ikasema haya, mkataba ndio huu, kwa Kiswahili, soma mwenyewe ujue unachodai.

Kuna pahala pamoja ambapo watu wa mji huu hawakukubali kupewa jina, na hapo nawavulia kofia. Vijana wa Majengo, Kisauni na Likoni walipoanza kuchukuliwa na watu waliokuja na magari, wakawa hawaonekani tena kituo chochote cha polisi, lugha ya taarifa ilikuwa "ametoweka", "amepotea", "huenda amevuka kwenda Somalia". Hebu isikilize hiyo sentensi, amepotea. Mtendaji ni nani hapo? Ni kijana mwenyewe, kajipoteza, kama mtoto aliyeachia mkono wa mamake sokoni Kongowea. Akina mama wakakataa. Wakasema mwanangu hakupotea, amepotezwa. Ni silabi moja imebadilishwa lakini ile silabi imemleta mtu wa pili ndani ya sentensi, manake kama kuna aliyepotezwa basi kuna aliyempoteza, na huyo alikuja na gari, na gari lina dereva, na dereva ana mkubwa wake. Mama ambaye hajamaliza shule ya msingi aliweka mashtaka yote kwenye kitenzi. Hakuna wakili atakayeshinda hiyo.

Linganisha na gazeti na redio zetu, ambazo zinazungumza Kiswahili kizuri sana kwelikweli. Sheikh Aboud Rogo, mhubiri, akauawa Agosti 2012, Bamburi, barabarani, mkewe yuko ndani ya gari. Abubakar Shariff, mhubiri mwenzake aliyejulikana kama Makaburi, akauawa Aprili 2014 akitoka mahakama ya Shanzu. Mahubiri yao mimi siyatetei hata kidogo. Lakini mara zote mbili ilikuwa ni "watu wasiojulikana". Watu wasiojulikana na nani? Hawakujulikana au hawakutajwa, manake hayo ni mambo mawili tofauti na mwandishi wa habari anajua tofauti yake. Wakati huo huo mtaa mzima wa Majengo ukapachikwa "itikadi kali", kijana akienda kuomba kazi anataja Tudor badala ya Majengo. Mwaka 2024 baada ya maandamano, Nairobi nao wakaanza kuchukuliwa vijana wao, nchi nzima ikashtuka, ikaanza kutafuta maneno. Hapa neno lilikuwepo miaka 10 nyuma, ila lilikuwa la akina mama wa mabuibui na hakuna aliyelisikiliza.

La unga wa kulevya nitalipitia haraka kwa sababu linahitaji makala yake. Miradi ya kuwapa sindano safi wanaojidunga ilipoanza hapa Pwani, huo mwaka wa 2012, 2013, mashekhe na wazee wengi walipinga, na siwalaumu sana, kwa sababu walichoambiwa ni kwamba mateja wanagawiwa sindano bure. Sentensi ikija hivyo nani atakubali? Hakuna aliyekuja mtaani akaeleza kwanza kwamba virusi vya ukimwi kwa wanaojidunga vilikuwa kiasi ya asilimia 18, mara tatu hivi ya watu wengine, na kwamba hawa ni waume za watu, wanarudi nyumbani. Ikabidi miaka ipite, kliniki za methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, zifunguliwe kuanzia Malindi 2015 kisha Kisauni, mtu amuone mtoto wa jirani aliyekuwa analala kwenye magofu sasa anaamka asubuhi anakwenda kunywa dozi yake anarudi kuuza mahamri, ndio watu wakaanza kusema "anatumia dawa". Yule yule tuliyekuwa tunamwita teja.

Sasa bajeti, na hapa ndio penye uchungu wangu. Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi, sawa na Kiingereza. Katiba hiyo hiyo inalazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Nenda basi kwenye kikao cha pablik patisipesheni, hata jina lake tumeshindwa kulitafuta tukalizoea. Viti vya plastiki, maji ya chupa, projekta inapiga kwenye ukuta wa rangi ya kijani kwa hivyo herufi hazisomeki, na zingesomeka ni Kiingereza. Afisa anasoma slaidi kama ilivyo, halafu anageuka anasema "kwa ufupi ni kwamba hizi ni pesa za maendeleo". Kwa ufupi! Jedwali lilikuwa na mistari 30, tafsiri ina maneno tisa. Mzee mmoja huinuka akauliza choo cha soko kitajengwa lini, anaambiwa swali lake ni zuri na litachukuliwa. Mwengine anauliza madeni ya kaunti ni kiasi gani, anajibiwa kwa Kiingereza. Dakika hiyo hiyo ukumbi wote unajua mazungumzo yameisha, watu wanaanza kutazama mlango ambako soda zimewekwa.

Na msiniambie wananchi hawaelewi mambo ya fedha. Juni 2024 mswada wa fedha ulikuwa karatasi nzito ya kisheria kama miswada mingine yote, na miaka mingi ilikuwa inapita kimya. Mwaka ule vijana waliuchana wakauweka TikTok kwa Kiswahili, kwa Kijaluo, kwa Kikuyu, kwa sheng, kwa lugha ya ishara. Vati, yani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 kwenye mkate, kodi ya gari asilimia 2.5 kila mwaka, tozo ya mazingira ambayo ikashuka mpaka kwenye nepi na pedi. Hakuna aliyewafundisha watu uchumi, waliambiwa tu mkate, waliambiwa nepi. Moi Avenue ikajaa watoto ambao wazazi wao tulikuwa tunasema hawajali chochote, na tarehe 26 Juni rais akasema hatousaini. Watu wakafa kwa jambo lile, sisahau. Lakini tafsiri ndio iliyoanza.

Ukiwauliza maafisa wa kaunti kwa nini nyaraka haziji kwa Kiswahili watakwambia mambo mawili, gharama, na kwamba istilahi hazipo. La istilahi lanichekesha. Washa redio yoyote ya hapa asubuhi, Baraka, Rahma, Pwani FM, mtangazaji anaeleza deni la taifa, anaeleza ushuru wa bandari, anapiga mzaha juu yake, na hajakwama. Wakati wa kampeni hakuna mgombea aliyewahi kusimama Mwembe Tayari akasema istilahi hazipo, yeye kila ahadi anayo kwa Kiswahili na kwa Kigiriama na kwa Kidigo akitaka, lugha inamwishia siku anapoapishwa. Na la gharama, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inazitaka ofisi za umma zinapotoa habari zizingatie lugha ya watu wa eneo hilo, kwa hivyo hii si hisani wanayotufanyia, ni kazi walioajiriwa kuifanya.

Kikao cha bajeti kikija tena wodini kwenu, angalieni ile karatasi inayopitishwa ya kuandika jina, nambari ya kitambulisho na sahihi. Wengi tunaitia sahihi mlangoni kabla hata ya kukaa, tukidhani ni ya nauli. Ile ndio inayoambatanishwa na ripoti kuonyesha kwamba wananchi walishirikishwa na walielewa, na kesi ikienda mahakamani ndio inayotolewa. Msiitie sahihi mpaka nakala ya Kiswahili iwe mezani.